MTIHANI WA KAZI NAO UPIMWE

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 4, Dandora

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima na taadhima, mpenzi msomaji, naomba kuwajibu wahenga wetu kwamba mambo yamebadilika. Hapa Nairobi siku hizi hata kilicho chema kinajitembeza, tena kwa miguu, na bahasha ya kaki kwapani, kutoka Dandora hadi Industrial Area na kurudi. Tunaita kupiga lami. Kila mmoja wetu ana kaka, dada, binamu au jirani anayepiga lami, na baada ya karatasi ya mwisho ya KCSE wengi wetu tutajiunga nao.

Huko kwenye lami kuna kitu ambacho hatufundishwi darasani, nacho ni mtihani wa kuandikwa kazi. Tumezoea mitihani ya shule, ambayo kazi yake ni kuuliza tulichosomeshwa. Mtihani wa kazi ni mnyama mwingine. Unajaribu kutabiri jambo ambalo halijatokea bado: je, huyu tukimwandika ataifanya kazi vizuri? Utabiri unaweza kuwa wa kweli na unaweza kuwa wa kubahatisha. Katika makala haya nitaeleza mitihani hiyo ni ya aina gani, mtihani mzuri hutambuliwa vipi, utafiti umepata nini, sheria ya Kenya inasema nini, na sisi vijana tufanye nini. Nifuate polepole, maana mambo ni mengi.

KWA NINI MWAJIRI ANAPIMA WATU?

Tuanze na haki yake mwajiri. Ana nafasi moja na mbele ya geti wamejaa watu sitini. Hawajui. Hana muda wa kuishi na kila mmoja mwezi mzima ili aone tabia yake. Kwa hiyo anatafuta dalili.

Dalili za bei rahisi zipo tele, na ndizo za hatari. Mmoja ataangalia gredi ya KCSE peke yake. Mwingine atasoma jina la pili apate kujua kabila. Mwingine ataangalia anwani. Hapo sisi wa Dandora tunajua jinsi inavyouma. Mtaa wetu ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mpango wa Benki ya Dunia na baraza la jiji, watu wa kipato kidogo wapewe viwanja vyenye maji na choo kisha wajijengee wenyewe, Phase 1 hadi Phase 5. Wazee wetu walijenga kweli. Lakini mtu wa nje akisikia Dandora anafikiria jaa la taka tu, na pengine wezi. Ukiandika Dandora juu ya barua ya kuomba kazi, kuna mwajiri ambaye hatafika mstari wa pili.

Usidhani ni hapa kwetu tu. Huko Marekani, wataalamu wawili wa uchumi, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walituma barua za kuomba kazi karibu 5,000 kwa waajiri wa Chicago na Boston. Sifa zililingana, ila majina yalitofautiana: mengine ya kusikika kama ya Wazungu, mengine kama ya Wamarekani weusi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2004. Yenye majina ya Kizungu yaliitwa kwa mahojiano zaidi kwa kiasi cha nusu nzima: wenzao wakiitwa kumi, hao waliitwa kumi na watano. Hakuna aliyewapima kwa lolote, walisomwa majina tu.

Kwa hiyo mimi siwezi kusema mitihani ya kazi iondolewe. Mtihani ukiwa mzuri unaweza kumfaa mtoto wa Dandora kuliko mtu yeyote, kwa sababu unampa nafasi ya kuonyesha asichokionyesha kwa jina wala kwa mtaa. Shida iko kwenye neno hilo moja: ukiwa mzuri.

MITIHANI NI YA AINA GANI?

Nimejaribu kuipanga katika mafungu matano.

Kwanza, mtihani wa mkono. Hapa unafanya kipande cha kazi yenyewe. Mama mmoja mwenye hoteli hapa Phase 4 aliniambia hajawahi kuuliza mtu cheti. "Mwanangu, mimi nampa unga, mafuta na jiko, namwambia nipikie chapati kumi. Ya kwanza kila mtu anajitahidi. Mimi naangalia ya kumi." Mama huyo hajaenda chuo chochote cha usimamizi, lakini amegundua jambo kubwa: amepima ustadi na pia amepima kama mtu atachoka.

Pili, mtihani wa ufundi wa serikali, ule tunaouita "trade test". Zamani ulisimamiwa na Idara ya Mafunzo ya Viwandani, na baada ya sheria kubadilishwa mwaka wa 2011 ukawa chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, yaani NITA, yenye makao yake Industrial Area. Kwa miaka mingi umekuwa na madaraja matatu: unaanza na daraja la 3, unapanda la 2, kisha la 1. Fundi wa jua kali ambaye hakukanyaga chuo anaweza kujiandikisha, akafanya kazi mbele ya mtahini, akapata cheti.

Tatu, mtihani wa karatasi wa akili: hesabu za haraka, maneno, maumbo ya kukamilisha. Siku hizi mashirika makubwa huufanyia kwenye kompyuta.

Nne, maswali ya tabia. "Je, unapenda kufanya kazi na wenzako?" Hakuna jibu sahihi linalotangazwa, na kila mtu anajaribu kukisia linalotakiwa.

Tano, mahojiano, pamoja na vipimo vya mwili. Wengi hawayahesabu mahojiano kuwa mtihani, lakini ni mtihani kamili. Na kuhusu mwili, nani hajawaona vijana wakifurika uwanjani siku ya kuandikisha polisi au jeshi? Wanapimwa urefu, wanakimbizwa, wanafunguliwa midomo meno yakaguliwe.

KISA CHA BINAMU YANGU

Binamu yangu ni fundi wa kuchomelea. Alijifunza kwa mzee mmoja kule Kariobangi Light Industries, akaanza kwa kushikilia vyuma, akaishia kutengeneza mageti ya watu wenye pesa zao. Hapo kwetu ukiona dirisha lenye grili zilizonyooka, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wake.

Alisikia kiwanda fulani kinatafuta wachomeleaji wanne. Alifika alfajiri. Ilipofika saa tatu wakagawiwa karatasi ya Kiingereza yenye maswali hamsini na dakika thelathini. Kulikuwa na maneno ya kulinganisha, mafumbo ya nambari, na swali la treni mbili zinazotoka stesheni tofauti. Hakukuwa na swali hata moja la chuma. Hakuna aliyewasha mashine.

Binamu alijibu maswali ishirini na mawili. Akaambiwa "asante, tutakupigia." Hawajapiga hadi leo. Aliporudi alisema maneno ambayo sijayasahau: "Hata hawakuniuliza kama naweza kuchomelea."

Sisemi kiwanda kilikuwa na nia mbaya. Huenda waliona ni njia ya haraka ya kupunguza umati. Lakini ukijiuliza kiwanda chenyewe kilipata nini, jibu linachekesha: kilipata watu wanne wanaojua mambo ya treni.

MASWALI MANNE YA KUUPIMA MTIHANI

Mfanyabiashara anayeuza nyama kwa kilo hukaguliwa mizani yake na serikali, ipigwe muhuri. Kwa nini mizani inayopima watu isikaguliwe? Yafuatayo ni maswali manne ambayo mtu yeyote anaweza kuyauliza.

1. Je, mtihani unapima kazi yenyewe?

Hili ndilo swali mama. Kesi iliyolifanya kuwa maarufu ulimwenguni ni ya Marekani. Kampuni ya umeme ya Duke Power, huko North Carolina, ilikuwa imewaweka wafanyakazi weusi katika idara moja tu ya vibarua, ambako mshahara wa juu kabisa ulikuwa chini ya mshahara wa chini kabisa wa idara zingine. Ilipofika Julai 1965 sheria mpya ikakataza ubaguzi. Siku ileile sheria ilipoanza kazi, kampuni ikaweka sharti jipya: anayetaka kuajiriwa katika idara zile nzuri apasi mitihani miwili ya karatasi, juu ya kuwa na cheti cha sekondari. Mfanyakazi Willie Griggs na wenzake wakaenda mahakamani.

Mwaka wa 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa haki kwa kauli moja. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kampuni haikuonyesha kwamba mitihani ile inahusiana na kazi. Tena wafanyakazi wazungu walioingia zamani bila cheti wala mtihani walikuwa wakiendelea kufanya kazi vizuri na kupandishwa vyeo! Basi mtihani ulikuwa wa nini? Mahakama ikasema mtihani umpime mtu kwa ajili ya kazi anayoiomba, usimpime juu juu tu. Hata kama mwajiri hana nia ya kubagua, kizuizi kisichohusiana na kazi hakikubaliki kikiwafungia nje watu wa kundi moja.

2. Je, mtihani una msimamo?

Ukipima kilo ya sukari leo na kesho, jibu liwe lilelile. Vivyo hivyo mtu akihojiwa na Bwana A apate alama 78, na akihojiwa na Bwana B jioni hiyohiyo apate 41, kuna kitu kimeharibika, na si yule kijana. Mahojiano ya kupiga soga ndiyo yanayoyumba zaidi. Mmoja anaulizwa kuhusu kazi, mwingine anaulizwa timu anayoshabikia, mwingine anaulizwa "kwenu ni wapi hasa?" Dawa yake inajulikana: maswali yawe yaleyale kwa kila mtu, majibu yapewe alama kwa mwongozo ulioandikwa kabla, na wanaohoji wawe zaidi ya mmoja.

3. Je, mtihani ni wa haki kwa makundi yote?

Mwaka wa 1917 jeshi la Marekani lilianza kuwapima askari wake kwa mtihani wa karatasi, na hadi vita vilipokwisha lilikuwa limepima watu wapatao milioni 1.7. Swali mojawapo liliuliza Crisco ni nini: dawa, kiua vijidudu, dawa ya meno au chakula? Crisco ni mafuta ya kupikia yaliyouzwa madukani Marekani. Mhamiaji aliyeshuka melini juzi angejuaje? Akikosa, alihesabiwa kuwa hana akili, ilhali alichokosa ni kuishi karibu na duka lile.

Ili kunusa upendeleo wa namna hiyo, Wamarekani tangu 1978 wana kanuni ya nne kwa tano. Hesabu yake hata mwanafunzi wa darasa la saba aiweza. Tuseme kampuni inatafuta makarani wa stoo. Wamejaribiwa wavulana 100 na wasichana 50. Wamepasi wavulana 40 na wasichana 10. Wavulana waliopasi ni asilimia 40, wasichana ni asilimia 20. Gawanya 20 kwa 40, unapata nusu. Nusu ni ndogo kuliko nne kwa tano, basi kengele inalia. Ili kengele inyamaze ingebidi wasichana wapasi angalau 16, yaani asilimia 32.

Tahadhari hapa. Kengele ikilia haimaanishi mwizi amepatikana. Inamaanisha mwajiri arudi kwenye swali la kwanza na kuonyesha kwamba mtihani unahusiana na kazi. Kama stoo ina magunia ya kilo 90 ya kuinuliwa kila siku, ana la kusema. Kama ina mafaili na kalamu, na mtihani ulikuwa wa kuinua gunia, ataona aibu.

4. Je, matokeo yanatumiwaje?

Mtihani mzuri unaweza kuharibiwa na mkono mbaya. Alama za kupasi zikiwekwa juu bila sababu, zikafichwa, au zikauzwa, basi hata uwe mtihani wa dhahabu haufai kitu. Mfano tunao hapa Kenya. Julai 2014 kulikuwa na zoezi la kuandikisha makurutu wa polisi 10,000. Malalamiko yakazidi, ya hongo na ya utaratibu usiofuatwa. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ikaenda mahakamani, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikalifuta zoezi zima. Mwaka wa 2015 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Fikiria, msomaji: mbio zilikimbiwa, vifua vilipimwa, na yote yakawa bure kwa sababu waliosimamia hawakuaminika. Na walioumia ni pamoja na wale waliopita kwa haki yao, bila kutoa hata ndururu.

UTAFITI WASEMAJE?

Wanasaikolojia wa kazi wamekusanya majaribio ya miaka mingi ili kujua ni mtihani upi unaotabiri kazi. Wanatumia kipimo cha kuanzia 0, yaani sawa na kurusha shilingi hewani, hadi 1, yaani mtihani usiokosea kamwe. Mwaka wa 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha muhtasari wa utafiti wa miaka 85. Mwaka wa 2022 Paul Sackett na wenzake wakaupitia upya, wakaona kwamba wa kwanza walikuwa wamezidisha baadhi ya alama. Hesabu zao za 2022 ni kama hizi: mahojiano yaliyopangwa 0.42, mtihani wa maarifa ya kazi 0.40, mtihani wa mkono 0.33, mtihani wa akili 0.31, na mahojiano ya kupiga soga 0.19.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, maswali yaleyale yanayoulizwa kwa mpango yana nguvu zaidi ya mara mbili kuliko soga. La pili, hata kilicho bora hakifiki nusu ya njia. Kwa hiyo mwajiri anayemkataa mtu kwa mtihani mmoja tu, akajiona ameijua roho yake, anajidanganya. Ndiyo maana wataalamu hushauri vipimo viwili vitatu vichanganywe.

Tena kuna mtego ambao umenishangaza. Mwajiri akitaka kujua kama mtihani wake unafaa, atalinganisha alama za siku ile na kazi iliyofanywa baada ya miezi sita. Vyema. Lakini anaowaona ni wale aliowaandika pekee. Waliokataliwa hawapo, hawezi kujua wangefanya nini. Binamu yangu hamo katika hesabu hiyo. Mtihani unaowafukuza watu wazuri hauachi alama yoyote katika daftari la kampuni, na kwa hiyo unaweza kuendelea miaka nenda miaka rudi ukisifiwa.

Na je, mtihani unaweza kumsaidia kijana maskini? Ndiyo, tena ushahidi unatoka Afrika hii yetu. Mjini Addis Ababa, watafiti waliwapa vijana watafuta kazi mafunzo ya kujieleza, wakawapima kwa mtihani wa kazi, hesabu, lugha na maumbo, kisha wakawapa cheti cha matokeo. Vijana wengine walipewa nauli ya kwenda mjini kutafuta kazi. Matokeo yalichapishwa 2021: baada ya miaka minne, waliopimwa na kupewa cheti walikuwa na mapato makubwa kuliko wasiosaidiwa, ilhali msaada wa nauli haukuacha faida ya namna hiyo. Huko Johannesburg nako vijana walipimwa hesabu, mawasiliano na mengineyo, wakapewa cheti chenye jina na matokeo yao. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba idadi ya waliopata kazi ilipanda kwa pointi kama 5 katika kila 100. Wale waliopewa matokeo bila jina, wasiweze kumwonyesha mwajiri, hawakunufaika kwa kiasi hicho.

Wamiliki wa vyeti hivyo hawakuwa wameongezwa akili. Walipewa ushahidi wa kile walichokuwa nacho tayari. Kwa mtu asiye na mjomba ofisini, ushahidi ndio mjomba.

SHERIA YASEMAJE?

Vijana wengi hudhani sheria ya kazi humlinda aliyekwisha kuandikwa tu. Sivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi na hata mtu anayeomba kazi, kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka, kwa sababu ya rangi, jinsia, lugha, dini, kabila, ulemavu, mimba, ndoa, hali ya HIV na mengineyo. Maneno "ya kuzunguka" ni muhimu, maana mtihani usiohusiana na kazi ni njia mojawapo ya kuzunguka. Sheria hiyohiyo inakubali mwajiri atofautishe watu kwa jambo ambalo kazi yenyewe inalidai. Na kesi ikifika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi anaubeba mwajiri.

Kuhusu damu, sheria ya mwaka wa 2006 ya kuzuia na kudhibiti HIV na UKIMWI inasema hakuna mtu atakayelazimishwa kupimwa HIV ili apate kazi au abaki kazini. Mwaka wa 2013 mahakama ya kazi hapa Nairobi iliamuru mwajiri mmoja amlipe mfanyakazi wake karibu shilingi milioni 7, baada ya mama huyo kupimwa bila idhini yake na kubaguliwa. Afrika Kusini walitangulia: mwaka wa 2000 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba shirika la ndege la nchi hiyo lilikosea kumnyima kijana aitwaye Hoffmann kazi ya kuhudumia abiria kwa sababu ya HIV, ingawa alikuwa amepita usaili wote, ikaamuru aandikwe.

Kisha kuna zile stakabadhi. Cheti cha tabia njema cha polisi, cha kodi, cha mkopo wa elimu, cha maadili, cha madeni. Kijana alikuwa akitumia maelfu kabla hata hajaitwa. Mwaka wa 2022 Sheria ya Ajira ikarekebishwa: mwajiri adai vyeti hivyo pale tu anapokusudia kufanya mkataba na mtu huyo. Lakini nenda usome matangazo ya kazi yaliyobandikwa, utaona bado wapo wanaoviitisha mapema, kama vile hakuna kilichobadilika.

UPANDE WA PILI

Mwalimu wetu wa insha hutuambia asiyesikiliza upande wa pili anaandika mahubiri. Basi nikubali kwamba mtihani wa mkono una gharama. Kuwapa watu sitini chuma, umeme na mashine si mchezo. Karatasi ni rahisi. Mwajiri mdogo wa Baba Dogo hawezi kuajiri mwanasaikolojia.

Lakini si lazima. Aanze kwa maswali kumi ya maarifa ya kazi, kwa lugha itakayotumika kazini. Wakibaki watu kumi na wawili, hao ndio awawashie mashine. Gharama imepungua na chuma kimeulizwa.

Na lingine, mtihani wa mkono nao una matapeli wake. Utasikia, "Njoo ufanye kazi siku tano tukuone." Vijana watano kila wiki, kila mmoja siku zake tano, bila malipo, na mwisho wa mwezi hakuna aliyeandikwa. Huo si mtihani bali ni utumwa uliovaa koti la mtihani. Chapati kumi ni mtihani. Chapati za wiki nzima ni kazi. Sheria ya Ajira inamruhusu mwajiri kumweka mtu kwa muda wa majaribio, usiozidi miezi sita mwanzoni, lakini majaribio hayo ni mkataba, nao una mshahara.

NASAHA KWA WENZANGU

Kwanza, uliza mapema mtihani utakuwa wa namna gani na kwa lugha gani. Si utovu wa adabu. Unaweza kusema, "Samahani mkubwa, naomba kujua tutapimwa nini ili nijiandae."

Pili, jizoeze karatasi za hesabu za haraka na maumbo. Nyingi huonekana ngumu kwa sababu ni ngeni tu. Ukizifanya mara kumi, ugeni unatoka.

Tatu, weka ushahidi wa mkono wako. Wewe unayeshona, unayesuka nywele, unayechomelea, piga picha kazi zako na uandike tarehe. Ukipata ada, kafanye ule mtihani wa ufundi wa serikali. Na ukiacha kazi popote, dai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinakupa haki hiyo.

Nne, usilipe pesa ili ufanyiwe mtihani na mtu uliyekutana naye kwenye simu. Anayekuandika kazi anakupa pesa, hakuombi.

Tano, ukianguka, usikubali upesi kwamba wewe ni bure. Uliza yale maswali manne. Pengine ulianguka kweli, basi ukajifunze. Pengine mizani ndiyo mbovu.

Na kwa wale miongoni mwetu watakaokuwa waajiri, maana Dandora pia inazaa wenye viwanda, nina ombi moja. Siku mtakapokaa upande ule wa meza, mkiwa na karatasi hamsini za kugawa, wekeni kwanza kalamu chini mjiulize: mtu huyu tukimwandika, saa mbili asubuhi siku ya Jumatatu atakuwa akifanya nini kwa mikono yake au kwa kichwa chake? Jibu mtakalopata, hilo ndilo mlifanye mtihani.

Kiswahili kitukuzwe!